UZI: Mipaka ya maeneo bunge, na vile ramani inaweza kuamua mshindi kabla ya kura

Stori ya mipaka ikianza tu, watu wanagawanyika kikabila ndani ya dakika tano. Leo tuanze na hesabu. Sitaji mwanasiasa wala chama, msinitafute inbox.

Chukua wapiga kura 300 na viti vitatu, kila kiti watu 100. Upande wa Chai una watu 160, upande wa Uji 140. Chai ndio wengi, sivyo?

Sasa kalamu nipewe mimi, mtu wa Uji. Kiti cha kwanza narundika Chai 90 na Uji 10. Wale Chai 70 waliobaki nawapasua, 35 huku na 35 kule, na kila mahali wanapata Uji 65 wakiwangoja. Uji viti viwili, Chai kimoja. Hakuna kura imeibwa.

Marekani wanagombana juu ya hili kila mara, kwa sababu majimbo mengi huko wanasiasa wa bunge la jimbo ndio huchora ramani. Kwetu kalamu iko na IEBC.

Lakini hapa Kenya vita vikubwa si vya umbo la mstari, ni vya uzito. Sensa ya 2019 ilipata watu milioni 47.6. Gawa kwa maeneo bunge 290, ni kama 164,000 kila moja. Kifungu cha 89 cha Katiba kinaruhusu kupanda au kushuka kwa asilimia 30, na asilimia 40 kwa majiji na sehemu zenye watu wachache.

Mimi napiga kura Ruiru. Sensa hiyo ilituhesabu 371,111. Lamu Mashariki, 22,258. Wao mbunge mmoja, sisi mbunge mmoja. Yaani watu karibu 17 wa kwetu kwa mmoja wa kule. Na pesa za NG-CDF zimekuwa zikigawanywa karibu sawa kwa kila eneo bunge, kwa hivyo piga hesabu ya basari mwenyewe.

Kabla jirani zangu waanze kushangilia: Lamu Mashariki ni visiwa na pwani ya mbali hadi mpaka wa Somalia. Ukiwaunganisha na Lamu Magharibi, mtu anaweza kuchaguliwa na Mpeketoni na Amu bila kukanyaga Kizingitini. Katiba yenyewe inasema jiografia, historia na njia za mawasiliano ziangaliwe. Kwa maoni yangu hoja yao ni ya haki. Yetu pia, maana hata ukitupa ile asilimia 40 tungeishia kama 229,600. Tumepita hapo kitambo.

Shida ni kwamba 290 imeandikwa kwa Katiba. Ruiru ikizaa kiti, kiti kingine kinakufa mahali. Mwaka 2012 maeneo bunge 27 hayakufikisha idadi lakini yalilindwa, na kinga hiyo ilikuwa ya mara ya kwanza tu. Sasa unaelewa mbona kuna waheshimiwa hawalali.

Na kuchelewa pia ni siasa. Mipaka inafaa kuangaliwa upya kila baada ya miaka 8 hadi 12. Ile 12 iliisha Machi 2024 wakati tume haikuwa na kamishna hata mmoja. Wapya waliapishwa Julai 2025. Halafu mipaka ikikamilika ikiwa imebaki chini ya miezi 12 kabla ya uchaguzi mkuu, haitumiki kwa uchaguzi huo. Wetu ni Agosti 2027. Ramani ya zamani ikikaa tu, kuna mtu anafaidi bila kugusa kalamu.

Kwa hivyo ukisikia kwa mkutano "wanataka kutumaliza", uliza: hapa tuko wangapi, na unataka kiti cha nani kiende?

Mipaka mipya ikichapishwa kwenye Gazeti Rasmi, mwananchi yeyote ana siku 30 kwenda Mahakama Kuu, na kesi lazima iamuliwe ndani ya miezi mitatu. Si lazima uwe mheshimiwa.