Mungu Asiyebadilika (3): Malaki na Watu Waliochoka Kungoja

Wiki iliyopita tulimwacha nabii Yeremia kwenye magofu ya Yerusalemu, mji ulioangukia mikononi mwa Wababeli mwaka 586 KK. Leo tunasonga mbele hadi siku za Malaki, ambaye wataalamu wengi humweka katika karne ya 5 KK.

Ukitazama kwa nje, mambo yalikuwa yametengemaa. Koreshi wa Uajemi alikuwa amewaruhusu Wayahudi kurejea kwao mwaka 538 KK, na hekalu jipya lilikamilika mwaka 515 KK. Lakini ule utukufu waliotabiriwa haukuonekana. Yuda ilikuwa jimbo dogo chini ya liwali wa Kiajemi, mashamba yalishambuliwa na waharibifu, na mizabibu ilipukutisha matunda kabla ya wakati. Watu wakaanza kuulizana kumtumikia Mungu kunawafaa nini.

Kuchoka huko kulijidhihirisha madhabahuni. Mtu aliyekuwa na dume zima zizini aliweka nadhiri, na siku ya kutoa ilipofika akamvuta kwa kamba mnyama kipofu, kilema au mgonjwa. Kuhani akampokea bila neno. Malaki akawapa changamoto: mpelekeeni liwali mnyama wa namna hiyo, muone kama atawapokea.

Ni watu hao hao wanaoambiwa kwamba Bwana hana kigeugeu (Malaki 3:6). Aya hii hupendwa sana kama neno la faraja, na kweli inafariji. Lakini isomwe pamoja na ile inayoitangulia. Katika aya ya 5 Mungu anasema atawashuhudia wachawi, wazinzi, waapao kwa uongo, wanaomdhulumu kibarua ujira wake, wanaomwonea mjane na yatima, na wanaomnyima mgeni haki yake. Kisha katika aya ya 6 anaeleza kwamba kwa kuwa yeye habadiliki, wana wa Yakobo hawajaangamia. Huruma na haki zimewekwa bega kwa bega. Dola ilitoka kwa Wababeli ikaenda kwa Waajemi, lakini anayemnyima kibarua mshahara wake alibaki na kesi ile ile mbele za Mungu, na anayetubu alibaki na mlango ule ule.

Hapo msomaji makini atauliza: mbona Mungu alighairi adhabu juu ya Ninawi, mji ambao nabii Yona alitumwa kuuonya? Jibu analo Yona mwenyewe. Katika sura ya 4 ya kitabu chake anakiri kwamba alikimbilia Tarshishi kwa sababu alijua Mungu ni mwenye rehema, si mwepesi wa hasira, na husamehe. Hakumkimbia Mungu asiyetabirika. Alikimbia kwa kuwa alijua hakika atakachokifanya. Yeremia 18 inaiweka kama kanuni: taifa likigeuka na kuacha uovu, Mungu huliondolea adhabu aliyokusudia. Waliogeuka ni watu wa Ninawi, na walipogeuka wakamkuta Mungu alivyokuwa siku zote.

Basi sisi tufanye nini kazi inapoisha ghafla, mzazi aliyekuwa mhimili wa ukoo anapofariki, au maisha yanapotuhamishia mji tusiomjua mtu? Malaki hasemi kwamba aliye na imani hatatetemeka. Anatuonyesha kundi dogo katika 3:16: wamchao Bwana walizungumza wao kwa wao, naye Bwana akasikiliza, na kitabu cha ukumbusho kikaandikwa mbele zake. Mavuno hayakuwa yameboreka, wala liwali hakuwa ameondoka. Walichokuwa nacho ni wenzao, na Mungu aliyewasikia.

Huo ndio uthabiti ninaouona katika kitabu hiki. Haujengwi kwa kusubiri hali irudi ilivyokuwa, maana huenda isirudi. Hujengwa kwa kutenda leo yale yanayolingana na tabia ya Mungu: kumlipa kibarua jioni hata mkono ukiwa mtupu kuliko zamani, kumtolea Mungu kilicho kizima, kumfungulia mgeni, na kutokaa peke yetu na mashaka yetu. Atendaye hayo amesimama upande ambao Mungu hajauhama tangu siku za Yakobo.

Wiki ijayo tutaugeukia Waraka kwa Waebrania, ulioandikiwa waumini waliokuwa wamenyang'anywa mali zao, tuone namna mwandishi wake anavyoufungamanisha uthabiti huu na Yesu Kristo.