Saa ya Safari Ihesabiwe Tangu Nyumbani

Aulizaye umbali baina ya Dar es Salaam na Mwanza hujibiwa kwamba kwa ndege ni yapata kilomita 850, mwendo wa saa moja na nusu. Kwa barabara masafa hayo hupita kilomita 1,100, na abiria wa basi huyamaliza kwa siku nzima. Hesabu hizo ni za kweli, lakini hazijakamilika. Huanzia uwanjani, ilhali safari ya mwananchi huanzia mlangoni pake.

Tutoe mfano wa mkazi wa Handeni. Ili apande ndege ya Mwanza, hana budi kwanza kusafiri kwa gari saa nne au zaidi hadi Dar es Salaam, kisha awahi uwanjani na kungoja. Ile saa moja na nusu ya angani, kwake yeye, ni kipande kidogo cha siku iliyokwisha kuliwa na njia.

Sasa tutazame karibu zaidi. Kutoka Handeni hadi Korogwe, kunguru arukaye moja kwa moja hazidishi kilomita 60. Barabara ni kilomita 65. Tofauti ni ndogo mno. Hata hivyo, kabla ya barabara hiyo kutiwa lami mwanzoni mwa miaka ya 2010, mvua za masika ziliweza kuifanya safari hiyo kuwa ya kutwa. Leo ni ya saa moja hivi. Korogwe haikuhama, wala Mto Pangani haukusogea. Kilichobadilika ni njia. Vivyo hivyo, reli kutoka Tanga ilipofika Korogwe mwaka 1902 na kuiacha Handeni kando, miji hiyo jirani ilitenganishwa kwa saa, si kwa maili.

Wazee walilijua jambo hili. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, katika kuweka kiwango cha safari imruhusuyo Mwislamu kufupisha sala, walitaja marhala mbili, yaani mwendo wa siku mbili wa wanyama waliobeba mizigo. Kipimo hicho kilimtazama msafiri pamoja na mzigo wake.

Mwaka 2018 Taifa lilipokea ndege kubwa ya Boeing 787, nasi tulifurahi kwa haki. Lakini mama mjamzito anayekimbizwa hospitali kutoka kijiji cha ndani, akazuiwa na korongo lisilo na daraja, hasaidiwi na kasi ya ndege ipitayo juu yake. Kwake yeye, kilomita 10 zaweza kuwa mbali kuliko Mwanza.

Dau la mnyonge haliendi joshi. Basi sisi tuliopewa dhamana, kila tupangapo bajeti za barabara, tusiulize kilomita peke yake. Tuulize pia: kutoka kijiji cha mwisho, wakati wa masika, ni saa ngapi?