Bega Linalouma Linataka Mzigo

Mtu akilalamika kazini kwamba shingo imekaza na mabega yanawaka moto, walio karibu humpa ushauri uleule: pumzika, jichue, meza kidonge, badilisha mto. Ushauri huo hauna ubaya, na kuchua huleta nafuu ya kweli kwa saa kadhaa. Lakini Jumatatu mtu anarudi kwenye kiti kilekile, na ikifika alasiri ya Jumanne maumivu yako palepale. Katika kazi yangu ya tiba ya viungo nakutana na wahasibu, mafundi cherehani, wasusi na wauguzi walioishi hivyo kwa miaka, na wengi wao wameshakata tamaa wakisema kazi ndivyo ilivyo. Mimi sikubaliani nao. Kwa zaidi ya miaka 20 sasa watafiti, hasa wa Finland na Denmark, wameonyesha kwamba bega linalouma kwa sababu ya kazi linahitaji kitu ambacho wengi wetu tunakiogopa: kubebeshwa mzigo wa kutosha, kwa muda mfupi, mara kwa mara.

Tuanze na msuli wenyewe. Trapezi ni msuli mpana unaoanzia kisogoni, ukashuka shingoni, ukatandaa hadi ncha ya bega na kuteremka hadi katikati ya mgongo. Ndio unaosaidia kulishikilia kombe la bega kila unaponyoosha mkono mbele. Mtu anayechapa kwenye kompyuta hatumii nguvu nyingi. Mikono inaelea juu ya kibodi, na trapezi inafanya kazi kwa asilimia chache tu ya uwezo wake. Shida ni kwamba nguvu hiyo ndogo haikatiki tangu asubuhi hadi jioni. Ongeza hapo kichwa, chenye uzito wa kilo 4 hadi 5 hivi, kilichoinamishwa kuelekea skrini au sindano ya cherehani, na misuli ya nyuma ya shingo inalazimika kukizuia kisianguke mbele.

Mwaka 1991 mtafiti wa Sweden, Göran Hägg, alitoa dhana ambayo mpaka leo inatusaidia kueleza kinachotokea. Ndani ya msuli kuna makundi ya nyuzi, madogo na makubwa. Kazi nyepesi ikianza, huitwa kwanza makundi madogo, na hayo hayaachiwi mpaka msuli wote ulegee. Hägg aliyafananisha na Sinderela, binti wa hadithi za Ulaya aliyekuwa wa kwanza kuamka na wa mwisho kulala. Makundi makubwa yanakaa bure siku nzima huku yale madogo yakichoshwa bila kupumzishwa. Watafiti walipochukua vipande vidogo vya msuli kwa sindano kutoka kwa wanawake wenye maumivu haya, walikuta baadhi ya nyuzi za kazi nyepesi zimenenepa kupita kiasi, wakati mishipa midogo ya damu inayozilisha haikuongezeka kwa kadiri hiyo. Msongo wa mawazo nao huongeza mkazo wa trapezi hata kama mikono haifanyi chochote, ndiyo maana wahasibu huumia zaidi siku za kufunga mahesabu.

Ukishaelewa hivyo, utaona kwa nini kukaa wima peke yake hakutoshi. Kiti kizuri na skrini iliyo usawa wa macho hupunguza mzigo, na ninavitetea. Lakini msuli ambao umeshadhoofika na kuuma hauimariki kwa kupunguziwa kazi tu. Mazoezi ya nguvu huyaamsha yale makundi makubwa yaliyolala. Msuli ukipata nguvu zaidi, kazi ileile ya kuchapa au kushona inachukua sehemu ndogo zaidi ya uwezo wake. Na katika kila mnyanyuo kuna kukaza na kuachia, jambo ambalo trapezi ya mtu wa ofisini haipati siku nzima.

Ushahidi ulianza kupata uzito mwaka 2003, pale Jari Ylinen na wenzake wa Finland walipochapisha utafiti wa wanawake 180 wa kazi za ofisini waliokuwa na maumivu sugu ya shingo. Kundi moja lilifanya mazoezi ya nguvu, la pili mazoezi mepesi ya ustahimilivu, la tatu halikupewa programu ya namna hiyo. Baada ya miezi 12, asilimia 73 ya waliofanya mazoezi ya nguvu walisema wamepata nafuu kubwa au wamepona kabisa. Katika kundi la mazoezi mepesi walikuwa asilimia 59, na katika kundi la tatu asilimia 21. Mwaka 2008 Lars L. Andersen na wenzake katika taasisi ya taifa ya utafiti wa mazingira ya kazi, Copenhagen, walichukua wanawake 48 wenye maumivu ya trapezi na kuwagawa. Wengine walinyanyua dambeli dakika 20 mara 3 kwa wiki, wengine waliendesha baiskeli ya mazoezi kwa muda huohuo. Wiki 10 zilipokwisha, walionyanyua vyuma walikuwa na nafuu kubwa iliyodumu. Nafuu ya wenzao wa baiskeli ilikuwa ndogo, ya muda mfupi tu baada ya zoezi. Kutembea na kuendesha baiskeli ni afya kwa moyo, lakini bega linataka zoezi lake lenyewe.

Nisiwafiche: mwaka huohuo wa 2003 utafiti mwingine wa Finland, wa wanawake 393 wa ofisini, haukukuta tofauti yoyote kati ya mazoezi ya misuli, mafunzo ya kulegeza mwili na kuendelea na maisha ya kawaida. Wapo wanaoutaja kama uthibitisho kwamba mazoezi hayasaidii. Mimi nausoma kwa namna nyingine. Mahudhurio yalikuwa hafifu, na zoezi lisilofanywa haliwezi kutibu. Kwa hiyo swali la kwanza kwangu ni namna ya kumfanya mfanyakazi aliyechoka, mwenye watoto nyumbani na daladala la kugombania, alifanye zoezi hilo kweli.

Jibu bora ninalolijua lilitoka Denmark mwaka 2011. Andersen na wenzake walikusanya wafanyakazi 198 wa ofisini, wengi wao wanawake, wenye maumivu ya mara kwa mara ya shingo na mabega. Walipewa mpira wa kuvuta na zoezi moja tu, la kunyanyua mikono pembeni. Kundi la kwanza lilifanya dakika 2 kwa siku, la pili dakika 12, siku 5 kwa wiki. La tatu lilipata maelezo ya afya pekee. Baada ya wiki 10, kwenye kipimo cha 0 hadi 10, maumivu ya kundi la dakika 2 yalikuwa yamepungua kwa pointi 1.4 zaidi ya kundi la tatu, na ya kundi la dakika 12 kwa pointi 1.9. Tazama jinsi tofauti kati ya dakika 2 na dakika 12 ilivyo ndogo. Ndiyo maana simwambii mtu ajiunge na jimu kama sharti la kupona. Namwambia atafute mpira.

Na mpira upo. Anayeuza vifaa vya mazoezi atakuuzia wenye vishikio, lakini tyubu kuukuu ya baiskeli, ileile ambayo watoto huikata kutengenezea manati, inafanya kazi nzuri. Fundi baiskeli atakupa kwa bei ndogo au bure. Ioshe, ikague isiwe na nyufa, kisha ikate upate ukanda unaozidi kidogo urefu wako kutoka unyayo hadi bega. Simama katikati ya ukanda kwa mguu mmoja ukiwa umevaa kiatu, shika ncha zake mbili, viwiko vikunje kidogo sana. Nyanyua mikono pembeni, ikielekea mbele kidogo, mpaka ifike usawa wa mabega, wala usipite hapo. Tumia sekunde mbili kupanda na sekunde mbili kushuka. Mikono ikifika chini, yaache mabega yalegee kabisa kabla ya kunyanyua tena. Hatua hiyo watu wengi huiruka, nami naihesabu kuwa nusu ya tiba. Usibane pumzi wala usipandishe mabega kuelekea masikioni.

Mzigo unaofaa ni ule unaokufanya ushindwe kuendelea ukifika mara ya 12 hadi ya 15. Ukiweza kufika 30 ukiwa bado unapiga soga, mpira umelegea; ushike karibu zaidi na mguu ili uvute kwa nguvu. Kila wiki mbili hivi ongeza ugumu, na taratibu utajikuta unafika mara 8 hadi 10 tu kwa mzigo mzito zaidi. Siku ambazo mpira haupo, chupa mbili za maji za lita moja na nusu zinatosha kwa kuanzia, kwa sababu kila moja ina kilo moja na nusu. Ukizijaza mchanga uzito unakaribia kilo mbili na nusu. Kwa chupa hizo unaweza pia kufanya zoezi la kupandisha na kushusha mabega mikono ikiwa imenyooka chini, ambalo linaigusa trapezi moja kwa moja. Huhitaji kubadili nguo. Aliyevaa kanzu, suti au baibui anafanya vilevile, na kwa dakika 2 hutoki jasho.

Kwa mkono, kuanzia kiwiko kushuka, hali inafanana. Emil Sundstrup na wenzake, pia wa Denmark, waliwafuatilia wafanyakazi 66 wa machinjioni wenye maumivu sugu ya mabega, mikono na viganja, watu wanaokata nyama kwa mwendo uleule saa baada ya saa. Nusu yao walipata ushauri wa namna ya kupanga kazi na vifaa, nusu wakapata mazoezi ya nguvu dakika 10 mara 3 kwa wiki. Baada ya wiki 10, waliofanya mazoezi ndio waliopata nafuu kubwa zaidi. Wengi walitarajia kinyume: mtu ambaye kazi imemchosha mkono, kumwongezea mzigo kunaonekana ni kumwonea. Fundi cherehani anayeumwa sehemu ya juu ya mkono, chini kidogo ya kiwiko, aweke mkono mezani, kiganja kikitazama chini na kuning'inia ukingoni, ashike chupa ndogo, akipandishe kiganja na kukishusha polepole. Msusi, ambaye mikono yake iko juu kutwa nzima, ananufaika zaidi na zoezi la mabega, na namshauri alifanye asubuhi kabla wateja hawajaanza kumiminika, maana jioni msuli wake umeshachoka.

Wiki ya kwanza utasikia msuli unauma kama mtu aliyelima baada ya muda mrefu. Hiyo ni kawaida na hupungua baada ya siku mbili au tatu. Maumivu yanayozidi kila zoezi, au yanayokuwa makali zaidi asubuhi inayofuata kuliko jana, yanakwambia upunguze mvuto wa mpira. Lakini kuna dalili ambazo si za kufanyia mazoezi kabla ya kuonwa na daktari: ganzi inayoshuka mkononi na kubaki, kiganja kudondosha vitu, miguu kuwa mizito au kushindwa kuzuia mkojo, homa, kukonda bila sababu, maumivu yaliyoanza baada ya ajali au yanayokuamsha usiku. Na maumivu ya bega au mkono yanayoambatana na kifua kubana, jasho jembamba au kupumua kwa shida ni ya kukimbizwa hospitali mara moja, kwa sababu yanaweza kuwa ya moyo.

Sasa niseme na waajiri. Mwaka 2015 Markus Due Jakobsen na wenzake waliwagawa wanawake 200 wa huduma za afya kutoka hospitali tatu za Denmark. Wote walipangiwa dakika 10 mara 5 kwa wiki, kwa wiki 10. Kundi moja lilifanyia kazini, pamoja na wenzao na ndani ya saa za kazi, lingine nyumbani kwa muda wao. Wa kazini walifanya wastani wa mara 2.2 kwa wiki, wa nyumbani mara 1, na waliofanyia kazini ndio waliopungukiwa maumivu zaidi. Kumpa mfanyakazi karatasi ya mazoezi aende nayo nyumbani ni kumtupia mzigo ambao kazi ndiyo iliyouleta. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Kenya ina yake ya mwaka 2007, zote zikimwekea mwajiri wajibu wa kulinda afya ya anaowaajiri. Mimi naamini dakika chache za kuvuta mpira ndani ya saa za kazi zinaingia katika wajibu huo sawa na barakoa au glavu.

Anayepanga ratiba ana uhuru mkubwa kuliko anavyodhani. Utafiti mwingine wa Denmark, wa wafanyakazi 447 wa ofisini, uliwapa watu saa moja ya mazoezi kwa wiki iliyogawanywa kwa namna tofauti: mara 1 ya dakika 60, mara 3 za dakika 20, au mara 9 za dakika 7. Makundi yote matatu yalipata nafuu inayokaribiana. Kiwanda cha nguo kinaweza kusimamisha mashine dakika 7 asubuhi na dakika 7 alasiri. Benki inaweza kutenga dakika 20 kabla ya kufungua milango Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Wiki mbili za mwanzo aitwe mtaalamu wa tiba ya viungo awaelekeze na kurekebisha mikao, baada ya hapo achaguliwe mmoja wao wa kuongoza. Mipira itundikwe msumarini mahali panapoonekana, kwa kuwa ikifungiwa kabatini hakuna atakayeikumbuka.