Barabara ya Virunga inapita jikoni kwetu

Wengi wetu tumepita barabara ya Goma kwenda Butembo, lakini wachache tumeiangalia. Tunapanda gari gizani, tunaomba Mungu, mtoto analala mapajani, na tukifungua macho tumekwisha kufika Kanyabayonga. Kumbe katikati tumevuka Mbuga ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, mbuga ya kitaifa ya kwanza katika Afrika yote. Tangu 1979 UNESCO imeiweka kati ya mali za dunia nzima, na tangu 1994 imo kwenye orodha ya zile zilizo hatarini.

Safari ninayosimulia tuliifanya wakati wa likizo kubwa, kabla vita haijarudi Rutshuru. Tulikuwa wanawake wanne: walimu wawili, muuguzi mmoja, na mwenzetu muuza samaki aliyezaliwa Vitshumbi. Tulikuwa tunaenda kwenye ndoa Butembo. Nauli ilitoka kwenye likelemba yetu, na tukawekeana sharti moja: mchana hakuna kulala.

Goma hadi Rutshuru

Tulitoka saa kumi na moja asubuhi, tukiwa na mikate, jibini la Masisi, ndizi na chai ya moto. Njia ya kwanza ni ya mawe meusi ya volkano, Nyiragongo ukiwa upande wa kushoto. Kuanzia Kibumba tulianza kukutana na makala: magunia juu ya malori, juu ya pikipiki, juu ya chukudu, na juu ya migongo ya wamama walioinama mpaka uso hauonekani.

Sisi wote tulijua yanatoka wapi. Sehemu kubwa ya makala yanayopikiwa Goma hukatwa ndani ya mbuga. Muuguzi wetu alinyamaza muda mrefu, kisha akasema kwamba kwenye kituo chake cha afya amepokea wanawake waliobakwa walipokwenda kutafuta kuni msituni. “Mimi nikinunua gunia,” akasema, “sioni miti. Naona wale wamama.”

Tukapita Rumangabo, makao makuu ya mbuga. Hapo mabishano yakaanza. Mwalimu mwenzangu akasema mbuga imechukua ardhi ya babu zetu, na mkulima akiingia hatua mbili anakamatwa. Hayo ni kweli, familia nyingi zinayajua. Lakini ni kweli pia kwamba zaidi ya walinzi 200 wa Virunga wamekufa kazini. Tarehe 24 Aprili 2020, 12 waliuawa siku moja karibu na Rumangabo. Wengi waliacha wajane na watoto. Pale makao makuu kuna nyumba ya kushonea ambapo baadhi ya wajane hao hupata riziki. Mjane wa mlinzi na mama wa shamba lililofungwa wote wawili wanatafuta chakula cha jioni.

Mabenga hadi Kanyabayonga

Baada ya Kiwanja, gari halikuwa linaruhusiwa kwenda peke yake. Tulingoja Mabenga mpaka msafara ukamilike, wanajeshi mbele na nyuma. Wamama waliozoea njia hii wanajua: hapo ndipo pa kwenda chooni, kwa sababu ndani hakuna kushuka. Weka kadi ya uchaguzi karibu, maji ya mtoto karibu, na kikwembe kimoja cha ziada.

Msitu ukakwisha, tukaingia uwanda wa Rwindi. Nyasi hadi upeo wa macho! Tuliona nyamera na nyani. Tukapita ile hoteli ya zamani ya watalii, ambayo sasa imebaki kuta. Halafu lori moja likaharibika mbele yetu, msafara wote ukasimama. Dakika arobaini hivi. Wanajeshi walishuka wakageukia majani pande zote mbili. Ndani ya gari hata watoto walinyamaza.

Ndipo mwenzetu wa Vitshumbi akaanza kutusimulia, kwa sauti ndogo, habari za viboko. Usiku kiboko anakula nyasi nchi kavu, mchana anarudi majini na kuacha humo kinyesi chake. Kinyesi hicho kinaotesha vijimea vinavyolisha tilapia. Miaka ya 1970 viboko wa Virunga walikuwa zaidi ya 20,000. Vita na ujangili viliwamaliza, wakabaki chini ya 1,000 katika miaka ya 2000. “Mama yangu alikuwa anajaza beseni asubuhi moja,” akasema. “Mimi nangoja siku tatu, na samaki ni wadogo.” Nyavu za matundu madogo zimeharibu pia, akaongeza. Hakuwa mwalimu, lakini darasa hilo hatutalisahau.

Lori likatengenezwa. Tukapanda mlima Kabasha kona baada ya kona, na nyuma yetu ukafunguka uwanda mzima, ziwa Edouard likimetameta mbali. Kanyabayonga tulikunywa chai iliyobaki. Kutoka hapo ni baridi, viazi na kabichi za Lubero, kisha tukavuka mstari wa ikweta. Tulifika Butembo usiku, vumbi hadi kwenye nyusi.

Sisi tufanye nini?

Hatuwezi kumaliza vita, wala kumwambia mama asipike. Lakini jikoni ni kwetu. Mbabula iliyotengenezwa vizuri, yenye udongo ndani, inapunguza makala. Maharagi yaliyolowekwa usiku yanaiva upesi. Unga wa makala na taka za mazao unaweza kufinyangwa kuwa vipande vya kuwasha, na vikundi vya wanawake tayari vinafanya kazi hiyo na kuuza. Anayekaa palipofika umeme wa mto Rutshuru, kutoka bwawa la Matebe lililofunguliwa 2015, anaweza kupikia chai ya asubuhi bila makala. Mwenye kipande cha shamba apande miti ya kukata mwenyewe. Na sokoni tukatae tilapia wa ukubwa wa kidole, hata kama bei ni nzuri.

Kwenye mkutano ujao kila kikundi kiandike nyumba moja inatumia magunia mangapi kwa mwezi. Tukijua hesabu, tutajua pa kuanzia. Na siku njia itakapofunguka kwa amani, tupeleke mabinti zetu. Wakae dirishani, na wasilale.