FURAHA NA MALI

Watu wengi hudhani kwamba asiye na mali hawezi kuwa na furaha. Wengine hunena kinyume chake, ya kuwa umaskini wenyewe ni baraka. Sisi twaona kwamba wote wawili wamekosa njia, nasi twapenda kuwaeleza wasomaji wetu sababu yake.

Mwaka 1985 wataalamu wa Marekani walitangaza habari za matajiri wakubwa 49 wa nchi yao. Matajiri hao walisema kwamba wana furaha sehemu 77 katika 100 za wakati wao. Watu wa kawaida walioulizwa vile vile walisema sehemu 62. Basi mali nyingi ile iliongeza furaha, walakini si kwa kadiri ya wingi wake.

Tena mwaka 2005 Robert Biswas-Diener na wenzake wawili walieleza habari za watu wasio na anasa nyingi, miongoni mwao Wamasai, wakaonekana wengi wameridhika na maisha yao. Lakini mwaka 2001 Biswas-Diener alikuwa ameeleza habari za maskini wa Calcutta, katika Bara Hindi, na hao hawakuridhika na maisha yao kwa jumla, ingawa waliridhika na jamaa zao. Maana yake ni wazi: njaa na kukosa makao huondoa furaha, ila mtu akiisha kupata chakula, makao na afya, kinachomfaa zaidi ni watu.

Tazama Olasiti, magharibi ya mji wa Arusha. Waarusha ni ndugu wa Wamasai kwa lugha, nao ni wakulima. Tangu zamani mtu wao, hata asipokuwa na fedha, alikuwa na shamba, na ukoo, na rika lake, na wazee wa kumsuluhisha akigombana na jirani. Hiyo nayo ni akiba, wala haiwekwi sandukuni.

Siku hizi Olasiti ni kata ya Jiji la Arusha, na mashamba yakatwa viwanja. Mwenye kuuza hupata kwa siku moja fedha asizopata kushika maisha yake yote. Fedha hizo si mbaya. Zaweza kusomesha watoto na kujenga nyumba njema. Lakini akizimaliza kwa pombe na mapambo, kisha akahamia mbali na jamaa zake, amepoteza shamba na watu pamoja. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Kwa hiyo yafaa wazee na walimu wawashauri watu wao hivi. Kabla ya kuuza, mtu na akae na mkewe na watoto wake, wapatane fedha zitafanya kazi gani, na wao watalima na kulala wapi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yamkataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa pasipo idhini ya mwenzake. Tena asiuze yote. Kipande cha shamba kilichobaki karibu na ndugu chaweza kumlisha mtu na kumfurahisha miaka mingi baada ya fedha kwisha.