Mzazi Aulize Bila Hofu

Mimi ni karani wa parokia. Kazi yangu ni vyeti vya ubatizo na daftari la zaka. Lakini kwa kuwa nilipita Chuo cha Ualimu, wazazi huja niwaandikie barua za kulalamikia shule. Nami huwauliza, "Je, mkutanoni ulisema?" Wengi hutazama chini.

Mwaka 2017, mwezi wa Oktoba, alikuja mama mmoja muuza dagaa. Mwanawe alirudishwa nyumbani kwa ajili ya shilingi 2,000 za mlinzi. Alitaka barua kali. Nikamwambia, "Mama, tufanye hesabu kwanza."

Elimu bila ada ilipoanza Tanzania Januari 2016, fungu la mtoto wa shule ya msingi lilikuwa shilingi 10,000 kwa mwaka. Kati ya hizo 4,000 zilibaki Serikalini kwa vitabu, na 6,000 zikapelekwa katika akaunti ya shule. Shule yetu ilikuwa na watoto 400. Basi ni shilingi 2,400,000 kwa mwaka, yaani 200,000 kwa mwezi. Hata mtoto wa darasa la tano huiweza hesabu hiyo, lakini ni wazazi wangapi wamekwisha kuifanya? Tena mchango wo wote ulitakiwa uwe wa hiari, na mtoto asifukuzwe kwa kukosa. Mama akayaandika yote nyuma ya bahasha.

Siku ya mkutano alisimama. "Mwalimu Mkuu, naomba kujua, zile laki mbili za kila mwezi zinafika? Zinafanya nini?" Watu kimya. Mzee mmoja akanong'ona kwamba anamtafutia mwanawe fimbo. Hofu hiyo ndiyo iliyowafunga wengi midomo.

Kumbe Mwalimu Mkuu hakukasirika. Aliagiza daftari, akasoma. Miezi mingine fedha zilifika pungufu. Na kamati ya shule, ambayo wazazi ndio waliochagua wajumbe wake, haikukutana tangu Pasaka, maana wajumbe hawaji. Niseme kweli: mjumbe mmojawapo nilikuwa mimi.

Watoto walirudi darasani kesho yake. Mlinzi tulimchangia mahindi, kila mtu kwa hiari yake. Hesabu ikaanza kubandikwa ubaoni, na mama yule akawasomea kwa sauti wasiojua kusoma.

Uchaguzi wa kamati ulipofika, jina lake lilitajwa. Mumewe akauliza nani atakaa sokoni siku za vikao.

"Dagaa wangu ni wakavu," akajibu, "hawaozi kwa siku moja."