Weka Mtandaoni ama Ficha? Soma Hii Kabla Ukiposti Stori Zako

Uko Kitale pale Tuwani ama Bungoma side ya Kanduyi, mchana uko job, usiku unaandika stori kwa simu. Mabeshte wamesoma mbili tatu wakakushow, "Maze, hii weka mtandaoni!" Sasa umekwama.

Kwanza doo isahau. Kama unaandika juu unapenda, doo haikuwa plan. Kitu ya kufikiria ni hii: stori ikishatoka hadharani, imechapishwa. Hurudi nyuma.

Saa zingine hiyo inakubeba. Binyavanga Wainaina wa Nakuru alishinda tuzo ya Caine mwaka wa 2002 na stori yenye ilikuwa imetoka kwa jarida la mtandaoni, si kitabu. Mwaka uliofuata jarida la Kwani? likaanza. Caine huchukua kazi yenye imeshachapishwa. Lakini ile ya Commonwealth ni kinyume. Inataka stori ya maneno 2,000 hadi 5,000, Kiswahili wanakubali, kuingia ni bure, na kama uliwahi kuiweka mtandaoni, hata kama ilisomwa na watu saba pekee, uko nje. Watu saba, buda! So ile kali kabisa ficha kwanza. Zile za kuzoeza mkono ndio uposti.

Kuibiwa je? Haki ya kazi yako ni yako tangu uiandike. Si lazima uisajili KECOBO, ingawa ukisajili, kuthibitisha inakuwa rahisi. Mimi sioni kama hiyo ndio noma.

Noma ni watu. Nairobi unaweza andika kuhusu jirani na asijue milele. Huku kwetu? Andika "mama mmoja wa chama hapa Matisi, mwenye duka ya kona," na kabla matatu ifike Kiminini kila mtu ashajua ni nani. Skrinishoti iko kwa grupu ya familia, na mathee wako ndiye ataulizwa kanisani Jumapili. Hata ukifuta, skrinishoti imebaki. Na usidhani ni aibu tu. Mwaka wa 2017 Mahakama Kuu ilisema kumharibia mtu jina si kosa la jinai tena, lakini bado anaweza kukushtaki akitaka fidia. Kubadilisha jina pekee haisaidii kama duka, kona na watoto wake wanne bado wako kwa stori.

Cheki venye Ken Walibora alicheza. Huyu ni mtu wetu, mzaliwa wa Bungoma akalelewa upande wa Kitale. Kwa Siku Njema, ya 1996, Kongowea anatoka Tanga kumtafuta babake, na safari inamleta hadi Kitale. Mji ni wa ukweli, watu ni wa kutunga. Hiyo ndio fomula ningekuibia kama ningekuwa wewe: mvua ya Kitale, vumbi ya stage, bei ya mahindi, zote acha hivyo zilivyo. Binadamu mtengeneze upya.

Na kama kuna stori haiwezi simama bila mtu halisi, tuseme shosho yako, msomee yeye kwanza, polepole, kwa lugha yenu ya nyumbani. Akicheka, posti. Akinyamaza, iache kwa simu.